Rili Kumi na Nne

Siku mto Skorva ulipofunguliwa baada ya kufungwa miaka kumi, Gunvor aliamka na harufu ya dawa vidoleni. Ilikuwa ya jana yake. Alijua kwamba hata anawe mara ngapi haitamtoka mpaka msimu uishe, na hakujali. Alimnyonyesha Vilja, binti yake wa miezi minane, akamvika kofia ya sufi mpaka kwenye nyusi, akamlaza kwenye kigari na kukisukuma mteremkoni hadi kituo cha mafuta. Nyuma ya kituo, kati ya mapipa ya taka na mahali pa kuoshea magari, ndipo palipokuwa na banda lake la kazi.

Manyunyu yalikuwa yanaanguka. Alikisogeza kigari chini ya ukingo wa paa ili mtoto alale nje kama watoto wote wa Skordal wanavyolala, mvua iwe au baridi, mashavu mekundu na pumzi tulivu. Kisha akavaa aproni, akajaza beseni la kwanza maji na dawa. Dawa ilikuwa ya unga, na ilipoyeyuka maji yaligeuka rangi ya waridi, mazuri kuyatazama kama si ile harufu.

Mteja wa kwanza alikuwa Mwingereza mrefu aliyesimama mlangoni tangu saa moja, mkono mmoja umeshika ufito wa kuvulia na wa pili umeshika rili, kile kigurudumu cha chuma kinachokaa chini ya ufito na kukunja mshipi. Alimpa Gunvor rili yake kwa adabu, kama mtu anayemkabidhi mkunga kitoto.

Kwa nje rili hudanganya. Ukiipangusa kwa kitambaa inang'aa kama sahani ya harusi, ukasema hii imeoshwa. Gunvor hakuwa na imani na kitambaa. Shingoni alivaa krona moja, ile sarafu yenye tundu katikati, ameitia uzi. Aliiingiza kwenye mfuo wa skrubu, akazungusha, skrubu ikatoka. Kigurudumu cha ndani kikachomoka na mshipi wake. Sasa mhimili ulikuwa wazi, na springi nyembamba kama ukucha, na kijino kile kinacholia krrr samaki anapokimbia na mshipi. Alisugua kila pembe kwa mswaki. Akaufumua mshipi mnene wa rangi ya kijani, na chini yake uzi mwembamba wa akiba, mita mia na ushei, mpaka akafika kwenye fundo la mwisho. Uzi huo ndio mwizi. Unaweza kuficha maji ya mto tumboni mwake juma zima, huku rili imekauka kwa nje kama mfupa.

Vyote viliingia kwenye beseni robo saa kamili kwa saa ya ukutani. Vikasuuzwa bombani, vikafutwa, vikapulizwa kwa mashine ya kukaushia nywele. Mwisho, kwa ncha ya sindano, tone moja la mafuta kwenye mhimili. Moja, si mawili, maana mafuta mengi hukusanya mchanga.

Mwingereza alipokea rili yake, akaizungusha, akaisikiliza ikilia, akatabasamu kwa mara ya kwanza. Gunvor akaandika jina lake daftarini na kumgongea muhuri kwenye cheti. Bila cheti hicho hakuna aliyeruhusiwa kuigusa Skorva.

Haya yote yalikuwa kwa sababu ya kimelea kidogo ambacho jicho halikioni. Hakimdhuru mtu. Hukaa juu ya ngozi ya vitoto vya samoni na kuvila vikiwa hai, na kikiingia mtoni huja ndani ya matone machache tu, kwenye kiatu kibichi, kwenye kimia, kwenye rili. Kiliingia Skorva Gunvor alipokuwa na miaka kumi na saba. Nani alikileta, hakuna aliyejua. Serikali ikaleta sumu ya mizizi, ndugu wa utupa wa kuvulia samaki, ikamwagwa kuanzia maporomoko ya juu mpaka baharini, kiangazi kimoja na kingine tena, iue samaki wote ili kimelea kikose pa kukaa. Watu wa bonde waliitwa kuokota. Gunvor alibeba magunia kumi na moja. Alimwona baba yake, marehemu Sigurd, akitoka majini na samoni wa kilo kumi na mbili amemlaza mikononi, akakaa naye juu ya jiwe asimtie guniani mpaka giza lilipoanza kuingia.

Ndiyo maana, chama cha wenye mto kilipotafuta mtu wa kwenda masomo ya jioni kujifunza kazi ya dawa, na wanaume wakatazamana, Gunvor alinyanyua mkono. Alikwenda majira yote ya baridi, tumbo likikua, basi likiteleza kwenye barafu. Alifaulu.

Lakini jambo moja lilikuwa linamkaa kooni asubuhi hiyo kama mwiba wa samaki.

Jana yake wenyeji walikuja. Kumi na nne, kwa mkupuo, na vicheko. Gunvor aliposhika rili ya kwanza na kupeleka krona yake kwenye skrubu, simu ililia. Alikuwa Halvard Nordgard, mwenyekiti wa chama. "Hao ni watu wetu," alimwambia. "Wachovyee tu, uwagongee. Ile ya kufungua-fungua ni ya wageni." Na yeye, kwa haya, kwa kuwa wote walikuwa watu wazima waliomjua tangu ananyonya, alizichovya rili kumi na nne nzima-nzima kama mtu anayechovya mkate kwenye chai. Aligonga mihuri kumi na minne. Mkuki kwa nguruwe.

Saa tano na robo, Halvard mwenyewe alikuja.

Uvuvi ulikuwa ufunguliwe saa sita mchana. Tangu enzi za babu yake, kutupa mshipi kwa kwanza kulikuwa kwa mtu wa shamba la Nordgard, kwenye lindi la maji lililo chini ya daraja. Alivaa sweta lake la vifungo vya fedha. Rili yake ya shaba alikuwa ameifunga kwenye leso safi iliyopigwa pasi. Nyuma yake alikuja Oddvar, mwenye kituo cha mafuta, kikombe cha kahawa mkononi na ugoro umevimbisha mdomo wa juu, mtu asiyekubali kitu kitokee uani kwake bila yeye kukiona.

"Gunvor, nigongee upesi," Halvard alisema. "Watu wameshajaa darajani."

"Karibu Halvard. Iweke mezani niifungue."

"Nimeshaitia dawa nyumbani. Tangu jana."

"Nzima?"

"Sasa ulitaka niitie nusu?"

Oddvar alicheka puani. Gunvor naye alitabasamu, lakini mkono wake ulibaki umenyooka juu ya meza, kiganja wazi.

"Nauliza kama uliifungua."

"Rili hii imefunguliwa mara mbili tangu iumbwe," Halvard alisema. "Na mara moja katika hizo ni aliyeiumba."

"Basi leo itakuwa ya tatu."

Halvard aliiweka leso mezani, lakini hakuachia rili. Aliinama kidogo, akashusha sauti, si kwa siri, bali kama mtu anayemsaidia mtoto hesabu.

"Binti Sigurd, nisikilize. Jana umewagongea watu kumi na nne bila kufungua hata moja. Nilikuwepo kwenye simu. Leo mimi nimekuwa mgeni, Mjerumani?"

Neno hilo lilimwingia. Alitazama kigari. Vilja alikuwa amelala, ngumi moja imetoka nje ya blanketi.

"Mara ya mwisho uliivulia wapi?" aliuliza.

"Kwenye maji."

"Maji ya wapi?"

"Maji ni maji."

"Si mlikwenda Sweden juzi-juzi na mkwe wako," Oddvar alisema, akipuliza kahawa yake. "Ulituonyesha na picha." Kisha akaona alichosema, akanywa kahawa kabla haijapoa, akaungua.

Kwenye mito ya kule kimelea hicho ni mwenyeji, na samoni wa kule wameshazoea kuishi nacho. Wa Skorva hawakuzoea. Kila mtu bondeni alilijua hilo, hata watoto wa chekechea walilichorea picha.

"Siku mbili tu," Halvard alisema. "Na dawa nimetia. Haya, fungua. Fungua, huyu mwenye domo aone, kisha ugonge niende zangu."

Gunvor alivua krona shingoni. Skrubu ilikuwa ngumu, ikalia kidogo, ikakubali. Kigurudumu kilipochomoka, tone la maji lilitoka kwenye mhimili na kudondoka mezani. Alianza kuufumua mshipi, kisha uzi wa akiba. Mizunguko ya juu ilikuwa imekunywa dawa, ya waridi kama jamu. Aliendelea kuvuta. Waridi likafifia. Likaisha. Chini yake uzi ulikuwa mweupe, mbichi kama tambara la deki, wenye harufu ya tope, na kwenye fundo la mwisho palikuwa na utando wa kijani, mfupi, umejikunja.

Oddvar alishusha kikombe chake.

"Dawa haikufika," Gunvor alisema. Sauti yake ilitoka ndogo kuliko alivyotaka. "Iliishia hapa. Haya mengine ni maji uliyokuja nayo."

"Majani tu hayo."

"Ni majani ya mto gani?"

Halvard alitazama saa yake. "Saa tano na nusu. Chovya sasa hivi, nikunje njiani."

"Robo saa kwenye beseni. Kusuuza. Kukausha. Kukunja mita mia. Saa sita itakuwa imepita, Halvard."

"Saa sita haipiti mpaka mimi nimetupa."

"Basi itasubiri."

Akachukua skrubu ya shaba, ndogo kama punje ya mahindi, akaitia kwenye mfuko wa aproni. Hakuwa amepanga kufanya hivyo. Mkono ulikwenda wenyewe. Vilivyobaki alivitumbukiza beseni, kimoja kimoja, vikazama kwenye waridi.

Halvard alikuwa na uso wa mtu aliyezoea baridi, usioonyesha mengi. Sasa ulionyesha. "Nipe hiyo skrubu."

"Ikipita kwenye beseni kama wenzake."

"Gunvor, banda hili ulipewa na kamati. Kamati ni mimi. Mkataba wako unaisha mwezi wa tisa, na bwana wako yuko baharini kwenye mtambo wa mafuta wiki mbili ndani, wiki mbili nje. Unataka kukaa nyumbani na kutazama dirisha? Mimi nilikutetea. Walisema msichana yule ana mtoto mdogo, nikasema apewe."

"Nakushukuru kwa hilo."

"Basi nigongee."

"Hapana."

Alilisema polepole. Hapo ndipo macho yake yalipotua kwenye mfuko wa shati la Oddvar. Karatasi ilichungulia pale, na kwenye karatasi muhuri wa buluu, mpana, wazi. Wa jana. Wa mkono wake mwenyewe.

Aliutazama muhuri huo mpaka Oddvar akaufunika kwa kiganja kama mtu aliyeonekana tumbo.

"Nipe hicho cheti," Gunvor alisema.

"Cha nini? Changu kimegongwa."

"Kimegongwa na mwongo. Nipe."

"Usijiite hivyo, wewe mtoto."

Hakubishana naye. Alifunga muhuri kwenye kisanduku chake cha bati, akakiweka miguuni pa Vilja chini ya blanketi, akashika kigari. Akamwambia Mwingereza, aliyekuwa bado uani akingoja saa sita, kwa maneno machache na vidole vingi, atazame saa ya ukutani na asimruhusu mtu kugusa beseni. Yule bwana akasimama mbele ya meza kwa urefu wake wote, ufito umesimama ubavuni kama mkuki. Hakuelewa kilichokuwa kinabishaniwa. Alielewa beseni.

Gunvor akakisukuma kigari kuelekea mtoni, magurudumu yakirusha kokoto.

Darajani bendera zilikuwa juu. Kina mama walikuwa wanachoma mikate ya maziwa ya umbo la moyo, ile ya kukunjia jamu na jibini ya kahawia, na harufu yake ilifika mpaka barabarani. Wavuvi kumi na watatu wa Skordal walisimama ukingoni wamevaa suruali zao za mpira, fito zimeinuliwa, wakitazama maji. Miaka kumi. Maji yalikuwa meusi na safi, na kwenye kivuli cha daraja kitu kizito kiligeuka ubavu, kikang'aa, kikatoweka. Mtu mmoja akavuta pumzi kama aliyechomwa.

Gunvor alimwona yule samaki. Nusura arudi. Kwa nini awe yeye, na leo, watu wamefurahi namna hii.

"Halvard yuko wapi?" walimuuliza.

"Rili yake iko kwenye beseni," alisema. "Na zenu zinatakiwa kule. Vyeti nilivyowapa jana si halali. Nilizichovya bila kuzifungua, na nilijua haitoshi. Kosa ni langu. Nimekuja kulifuta."

Kwanza walidhani ni mzaha. Kisha maneno yakaanza kuruka kutoka huku na kule.

"Nusu saa kabla? Ulikuwa umelala jana?"

"Sisi tumeoga kwenye mto huu toka utotoni. Tutakuwa na ugonjwa gani?"

"Amesoma miezi sita usiku, ameshakuwa profesa."

"Mwacheni, labda kanyonyesha vibaya."

Hilo la mwisho lilileta kicheko. Gunvor alikisubiri kiishe. Uso ulimwaka, lakini hakuinama.

"Cheka, Torbjorn, una meno mazuri," alisema. "Halafu uniambie mwaka ule ulibeba magunia mangapi."

Torbjorn aligeuka kutazama maji.

"Mimi nilibeba kumi na moja. Wewe uliacha la tano, ukatapika kwenye vichaka vile pale. Sikusemi kwa ubaya, wote tulitapika. Nasema tu, nani aliyekileta kile kidudu? Mpaka leo tunasema ni mgeni. Kila nyumba inasema ni mgeni. Sijaona mgeni aliyekataa kufungua rili yake mezani kwangu. Wamekataa watu wetu."

"Na Halvard?"

"Muulizeni Halvard alichokuta ndani ya yake."

Wote wakageuka barabarani. Halvard alikuwa hajafika. Oddvar alikuwa amefika, anahema, kikombe kitupu bado mkononi. Hakusema lolote kuhusu Halvard. Alitazama chini, na kwa watu waliomjua Oddvar, huko kunyamaza kulikuwa habari tosha.

Bibi Asta alikuwa amekaa kwenye kiti cha kukunja, miaka themanini na mmoja, buti zake kubwa kuliko yeye. Rili yake ilikuwa mapajani. Alipapasa mfukoni, akatoa krona, akaanza kufungua skrubu mwenyewe, ulimi umetoka pembeni ya mdomo. Ilichukua muda. Hakuna aliyemsaidia, maana Bibi Asta hasaidiwi. Alivuta mshipi, akavuta uzi wa akiba, ukarundikana juu ya nyasi, waridi, waridi, kisha mweupe. Akaufinya mwisho wake kati ya vidole.

"Mkavu," alisema. "Bila shaka ni mkavu. Sijavua popote tangu wamwage ile sumu. Nilisema nitangoja Skorva." Akawatazama wengine mmoja mmoja. "Nyie mlingoja?"

Oddvar alivuta ufito wake uliokuwa umeegemea kwenye nguzo ya daraja. Aliifungua rili yake huku amewapa mgongo. Walisubiri. Alipogeuka, uzi ulikuwa umening'inia mkononi mwake, na kwenye ncha yake tone lilikuwa linakua, likakua, likadondoka.

"Nilikwenda kwa binamu yangu," alisema. "Siku ya Jumapili. Sikushika hata samaki."

Kengele ya kanisa ikapiga saa sita.

Ikapiga mapigo yote kumi na mawili, na hakuna ufito uliosogea. Yule mkubwa wa kivulini akaruka katikati ya lindi, mzima, akaanguka na kishindo, viwimbi vikaja mpaka kwenye buti zao. Torbjorn alifumba macho. Alipoyafumbua aliuchomoa ufito wake vipande viwili, akauweka begani.

"Sasa tunangoja nini," alisema kwa hasira, bila kumtazama Gunvor. "Twende tukafue."

Mchana huo ua wa nyuma wa kituo cha mafuta ulikuwa kama siku ya msaragambo, kazi ya pamoja ya kijiji. Kila mtu bondeni anajua msaragambo, kila mtu huja na koleo lake na manung'uniko yake. Meza zilitolewa kwenye mkahawa wa Oddvar. Mabeseni yakawa sita. Kina mama walileta mikate yao na mashine zao za kukaushia nywele, umeme ukakatika mara mbili, Oddvar akaurudisha mara mbili. Mikono minene iliyozoea misumeno ilishika springi nyembamba kwa woga, na Gunvor alipita kati yao akisema sugua kwenye jino, hapo pembeni, tone moja Torbjorn, moja nimesema, hiyo si saladi. Nyuzi za akiba walizitandaza zikauke, kutoka nguzo ya taa mpaka mlingoti wa bendera na kurudi, nyeupe, za manjano, za machungwa, mpaka ua ukawa umefumwa kama utando wa buibui, na magari yaliyokuja kujaza mafuta yalizunguka upande wa pili.

Kati ya rili kumi na nne, tisa zilikuwa na maji yasiyo na waridi. Gunvor aliyaandika yote daftarini, jina na idadi, na juu kabisa akaandika kosa lake mwenyewe na tarehe ya jana, kisha akatia sahihi.

Vilja aliamka. Akatolewa kwenye kigari, akapita mikononi mwa watu, akamng'ang'ania Mwingereza ndevu.

Halvard alikuwa amekaa kwenye gari lake, mlango wazi, mguu mmoja nje, tangu saa sita. Hakuna aliyemwita na hakuna aliyemsema. Saa nane kasorobo alikuja mezani. Sehemu za rili yake zilikuwa zimepangwa juu ya taulo, safi, kavu. Gunvor alitoa skrubu mfukoni, akaiweka kwenye kibakuli cha dawa mbele yake.

"Robo saa," alisema.

"Najua."

Alisimama akaitazama skrubu hiyo robo saa nzima. Kisha akaisuuza mwenyewe, akakunja uzi wake mwenyewe, mita mia na ushei, kwa vidole vilivyoonyesha kwamba kazi hiyo mtu mwingine ndiye aliyekuwa akimfanyia. Gunvor alimsogezea sindano na mafuta. Akatia tone. Moja.

"Mwezi wa tisa kamati inakaa," Halvard alisema, akikaza skrubu kwa sarafu.

"Najua."

"Nitapiga kura uondoke. Nakwambia mapema usiseme nilikuzunguka."

"Sawa. Na mimi nitaomba tena," Gunvor alisema. "Nitakuja na daftari." Akafungua kisanduku, akakagua rili ile kwa mara ya mwisho, akaizungusha. Ililia krrr, sauti kavu, kali, isiyo na ukungu wowote ndani yake. Akagonga muhuri, akampa cheti kwa mikono miwili kama alivyompa Mwingereza. "Kavue, Halvard. Wanakungoja wewe utupe wa kwanza."

"Nani kasema?"

"Bibi Asta. Amesema desturi haina kosa."

Halvard aliishika rili ile kifuani kidogo, akaondoka bila leso yake.

Watu walianza kumwagika kutoka uani. Walikwenda makundi makundi, fito juu, wakibishana nani alikuwa na maji mengi. Gunvor hakuwafuata. Alimfunga Vilja mgongoni kwa kitambaa, akaanza kuyabeba mabeseni kuyamwaga kwenye tangi la maji machafu, maana dawa hiyo nayo haitakiwi ifike mtoni. Alikuwa kwenye la nne aliposikia. Kutoka chini ya daraja, rili ililia, ndefu, bila kukatika, na watu wakanyamaza wote kwa pamoja.

Akasimama na beseni mikononi. Ikalia tena.

"Unasikia?" akamwambia mtoto. "Imeoshwa ile."

Kisha akalisuuza beseni na kulijaza upya, maana basi la Wadenmark lilikuwa linaingia kituoni, na wote walikuwa wameshikilia rili zao madirishani.